Krediti Sita za Mama Diane

Nikikudanganya, hujui. Uso wangu haubadiliki, sauti haitetemeki, jicho halipepesi. Mwalimu mkuu wa sekondari yetu kule Tarime aliniamini mara tatu kwamba nimefiwa na bibi, na mara ya nne akanipa na rambirambi. Hapa Durban ndiyo kabisa. Miaka miwili na nusu nipo nyuma ya kaunta ya duka la kuchapisha na intaneti, Umbilo Road, na wa kunishika bado hajazaliwa. Jina langu Marwa. Liandike.

Mlango wa pili kutoka dukani kwetu ni saluni, na humo anasuka Mama Diane, Mkongo wa Bukavu. Kwenye vyeti anaitwa Marie, lakini sijasikia mtu akimwita hivyo ila nesi wa kliniki. Diane ni binti yake, ana miaka kumi na saba, yuko matric, mwaka wa mwisho wa sekondari, na anaamini mimi ni mshamba. Siku niliyofika na begi moja, Mama Diane alinitazama kutoka mlangoni pake akasema, "Wewe, kuya hapa. Mtu wa kompyuta hawezi kuwa na kichwa kama kiota." Akaninyoa. Tangu siku hiyo, kila saa saba mchana sahani yangu iko kwake: fufu, sombe, yaani kisamvu, na samaki akiwepo. Sijawahi kumpa asante ya maana. Huwa namwambia sombe yake ina mchanga.

Jumatatu moja aliingia dukani vidole vikiwa bado na mafuta ya nywele, akaweka simu yake juu ya kaunta kama mtu anayeweka yai.

"Marwa, soma hii. Maneno nimeelewa. Hesabu ndiyo sijaelewa."

Ilikuwa barua kutoka chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji. Juu Kifaransa, chini Kiingereza. Mimi nikashika chini. Wamempenda. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Wanamtaka akafanye shahada ya udaktari, udaktari wa chemchemi, namna maji yanavyotoka kwenye vilima vilivyojengwa nyumba juu yake. Miaka minne, na masomo yanalipiwa. Diane akimaliza mtihani wake atamfuata.

"Mama Diane, wewe unajua maji?"

"Ulifikiri nilizaliwa na kitana mkononi?"

Nilijua alisoma. Wakongo wote wa Umbilo Road walisoma, ukiwauliza. Sikujua kama alisoma *hivyo*.

Basi, hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Zamani kila nchi ya Ulaya ilikuwa na shahada zake, hii miaka minne, ile mitano, ile haina hata jina linalotafsirika, na mwanafunzi akivuka mpaka na cheti chake ni sawa na kuvuka na jani la mgomba. Wakakaa, wakakubaliana. Sasa nchi karibu hamsini zinapima kwa kipimo kimoja: mwaka mmoja wa chuo ni krediti sitini. Krediti moja ni saa ishirini na tano za kazi ya mwanafunzi, darasani, nyumbani, porini, popote alipotokea jasho. Ili kuingia udaktari lazima uwe na krediti mia tatu.

"Nchi hamsini wamekubaliana," nilimwambia, "na sisi hapa Umbilo hatujakubaliana kama ni ugali au fufu."

Hakucheka. Siku hizi na kule kwao wamehamia mtindo huo, lakini yeye alimaliza kitambo, enzi za mtindo wa zamani. Miaka yake mitano ilikuwepo, imekamilika, ina mhuri. Ila karatasi yake ya matokeo ilionyesha saa za darasani peke yake. Krediti hakuna hata moja. Na chuo chake, kwa vita iliyopo, simu inaita mpaka inachoka. Wabelgiji wakamfanyia ungwana mmoja: basi andika mwenyewe, somo kwa somo, ulifanya kazi saa ngapi. Kisha mtu aliyesoma nawe, au aliyekufundisha, asome kila ukurasa na atie sahihi kwamba ni kweli. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja mweusi: likionekana neno la uongo, ombi linafutwa.

"Kazi ndogo hii," nilisema. "Mpaka Jumatano nimemaliza."

* * *

Tulihesabia saluni, maana wateja hawasubiri udaktari wa mtu. Mimi kwenye kiti cha plastiki na kompyuta mapajani, yeye amesimama anasuka, na Ernestina, Mtanzania mwenzangu, amekaa katikati nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Somo la kwanza. Jiolojia. Darasani saa sitini. Nyumbani ulisoma saa ngapi?"

"Nyumbani gani? Profesa alitoka Kinshasa na ndege. Siku nane tu, saa sitini zote zimeisha. Asubuhi mpaka jioni anasema, sisi tunaandika. Siku ya tisa mtihani, siku ya kumi amerudi na ndege yake."

"Kwa hiyo nyumbani sifuri."

"Sifuri?" Aliacha kusuka. "Marwa, baada ya darasa niliandika syllabus yote, kile kitabu cha masomo ya profesa, kwa mkono, kwa sababu kununua sikuweza. Kurasa mia na arobaini. Niliazima ya mwenzangu Pierre-Claver, jioni moja kurasa ishirini, asubuhi narudisha."

"Jioni saba, basi. Jioni moja saa ngapi?"

"Duka la jirani lilikuwa na jenereta. Lilifungwa saa nne usiku. Nilikaa kwenye ngazi yake toka saa kumi na mbili."

"Nne mara saba, ishirini na nane." Nikaandika. Vidole vilienda polepole kuliko kawaida yake.

"Dada, usinivute hivyo," alisema Ernestina. "Jiolojia imekuingia mikononi."

Tukaendelea. Takwimu. Ramani. Kemia ya maji, ambayo aliisoma akitembea kilomita sita kwenda na sita kurudi, anakariri kwa sauti mpaka watu wa njiani wakamwita Padri.

"Kutembea tunahesabu?" aliuliza.

"Ulikuwa unasoma au unatembea?"

"Nilikuwa nasoma. Miguu ndiyo ilikuwa inatembea."

Nikahesabu. Nakuambia, nimejazia watu fomu za kila namna, na fomu zote huuliza mtu amekosa nini. Hii iliuliza amefanya nini. Jumanne nzima na Jumatano nilikuwa naona msichana mwembamba kwenye ngazi ya duka, taa ya mtu mwingine kichwani, anaandika. Ikafika mahali nikaacha kumtania, na Ernestina akaniuliza kama naumwa.

Mwaka wa tatu ulikwenda haraka. Ndio mwaka aliomzaa Diane. Mbele ya mafunzo ya milimani, wiki tano za kupima chemchemi, karatasi yake iliandikwa *dispensée*.

"Maana yake nini?"

"Nimesamehewa. Profesa alisema mama wa mtoto wa wiki saba akae nyumbani, watanipa alama bila kwenda. Donc saa hakuna. Pita."

Nikapita. Aliisema haraka, nikadhani ni uchungu wa kubaki nyumbani.

Jumatano saa kumi nikabonyeza jumla. Saa elfu saba mia tatu na hamsini. Gawanya kwa ishirini na tano. Mia mbili tisini na nne.

Pungufu ya sita.

Nilirudia kwa simu. Nilirudia kwa kalamu. Kalamu nayo ikasema tisini na nne. Mama Diane alikuwa anafagia nywele za siku nzima, mgongo umenigeukia.

"Imetoka?" aliuliza, bila kugeuka.

"Bado inapiga hesabu. Mashine hii ni ya mwaka arobaini na saba."

"Ikikosekana kidogo, hawatakubali?"

"Nani kasema imekosekana?"

Akasimamisha ufagio. "Unajua, Marwa, miye sikutuma ile barua nikitegemea kitu. Nilitaka tu mtu mmoja anijibu kwa jina langu. Wamejibu. Hata isipotoka, nimeshafurahi." Akaendelea kufagia mahali pale pale alipokwisha fagia.

Nilirudi dukani kwetu kuchapisha. Na pale, mbele ya printa, nikafanya nilichofanya. Kwenye ukurasa wa nne, mwaka wa tano, kati ya somo la udongo na somo la sheria ya maji, niliingiza mstari mmoja mpya: Tabia za Mito Midogo, darasani saa arobaini na tano, nyumbani mia moja na tano. Jumla mia na hamsini. Krediti sita kama zimeagizwa. Fomu ikataka jina la mwalimu. Sikuwa na profesa yeyote kichwani, nikaandika Profesa Deusdedit. Ni baba yangu. Fundi baiskeli, darasa la saba. Jioni ile nilimpa uprofesa, na nilidhani angeupenda.

Ule mstari mweusi wa chini niliuona. Usifikiri sikuuona. Nilijiambia Mbelgiji gani atakwenda kuuliza mto mdogo. Nilijiambia pia, na hili sikulisema kwa sauti, kwamba asipokwenda atabaki hapa, sahani yangu itakuwepo saa saba, na hilo lingenifaa sana mimi. Ndiyo maana niliharakisha kuchapisha, kabla tamaa hiyo haijanishinda.

"Mia tatu kamili!" nilimpigia kelele kutoka mlangoni. "Nilikuwa nimeruka ukurasa!"

Aliketi kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, akajifunika uso na aproni. Kiti kikamzungusha polepole mpaka akautazama ukuta.

"Umehesabu vizuri?" aliuliza ukuta.

"Mama, mimi ndiye mashine."

* * *

Aliyesoma naye ni yule yule wa syllabus, Papa Pierre-Claver. Miaka mitano alikuwa CP wao, kiongozi wa darasa: ndiye aliyeita majina kila asubuhi, ndiye aliyegawa syllabus, ndiye aliyejua nani anaumwa na nani anajifanya. Leo analinda magari kwenye maegesho ya maduka ya Westville, na anavaa kizibao cha kung'aa juu ya shati lililopigwa pasi.

Alhamisi asubuhi tulishuka taxi barabarani tukapanda kile kilima kwa miguu, sisi wawili peke yetu, magari mazuri yanatupita. Mama Diane alivaa kitenge chake cha kanisani. Bahasha aliibeba yeye, hakukubali niishike.

"Umefika, Mademoiselle Syllabus," alisema Papa Pierre-Claver, akavua kofia.

"CP, umezeeka."

"Jua la Westville. Kivuli kiko kwa magari peke yake." Akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu Marwa. Mtanzania. Ndiye aliyefanya hesabu."

"Shikamoo, Papa," nilisema.

"Ah, marahaba. Watanzania wana adabu sana. Mtu asipoangalia, anasahau kuhesabu vidole baada ya kusalimiana."

Mimi nilidhani atatia sahihi. Watu hutia sahihi. Ndiyo kazi ya watu. Yeye alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha troli, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akaanza kusoma kutoka mstari wa kwanza. Neno kwa neno. Gari likitaka kutoka, ananipa karatasi, anakimbia: "Njoo, njoo, njoo, sharp, mama, safari njema," anarudi, ananyoosha mkono, anaendelea pale pale alipoishia.

"Jiolojia, ndiyo. Siku nane. Yule profesa aliacha koti lake, unakumbuka?"

"Ulilivaa wewe kwenye mtihani," alisema Mama Diane.

"Lilinipa akili. Ngazi ya duka, saa ishirini na nane. Ndiyo. Syllabus yangu ilirudi kila asubuhi ina harufu ya petroli." Akatia alama. "Kemia ya maji. Padri." Akatia alama.

Alikuwa anacheka kidogo kwenye kila mstari, na Mama Diane anacheka naye. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona saluni: alikuwa anasimama tofauti. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine, mrefu zaidi.

Akafika mwaka wa tatu. Kicheko kikaisha.

"Marie, milima iko wapi?"

"Nilisamehewa, CP. Iko kwenye karatasi. Dispensée."

"Nimeuliza milima, sijauliza karatasi."

Mama Diane aliangalia lami.

"Donc sikiliza wewe, Mtanzania, kwa sababu huyu hatasema." Alivua miwani. "Walimwambia akae nyumbani. Siku ya kwanza tunashuka lori kule juu, mvua inanyesha, nani amekaa kwenye jiwe anatungoja? Huyu hapa. Amepanda kwa nauli yake, mtoto mgongoni, plastiki juu ya mtoto. Profesa akasema, miye sikuoni, jina lako halimo. Yeye akajibu, sawa, usinione. Wiki tano. Anapima, mtoto analia, ananyonyesha, anapima. Chemchemi ya kumi na nne hakuna aliyeweza kushuka, kulikuwa na utelezi. Yeye alinipa mtoto. Akashuka na ndoo na saa ya mkononi. Diane alinikojolea shati yote, na miye nimeshika mwavuli, naandika namba ambazo mama yake ananipigia kelele kutoka chini. Kila asubuhi niliita majina, na jina lake sikuliita, kwa sababu halikuwemo. Miaka kumi na saba hiyo imenikaa hapa." Akagusa kifua, pale kizibao kinapong'aa zaidi.

"Papa, gari," nilisema, maana mzee mmoja alikuwa anapiga honi.

"Lingoje."

Mama Diane alisema, sauti ndogo, "Karatasi inasema nilikuwa nyumbani. Nikiandika nilikuwa mlimani watasema nadanganya. Nilitaka iwe safi, CP. Yote iwe kweli kabisa-kabisa."

Nikautazama ukurasa wa nne mkononi mwa Papa.

"Sasa shahidi ni wa kazi gani?" aliuliza Papa Pierre-Claver. "Hapa wameandika: kazi isiyoonekana kwenye matokeo, shahidi aithibitishe. Miye nilikuwepo." Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mwandiko wa darasani, mzuri, wa kuinama. Wiki tano, siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku. Akaandika na jina la Mama Diane kwa herufi kubwa, akilitamka, Marie, mara moja, peke yake kwenye mstari, kama mtu anayeita majina. Mama Diane alijibu, "Nipo." Sidhani alikusudia kulitamka.

Mimi nilikuwa napiga hesabu kichwani kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia. Saa mia mbili na arobaini. Karibu krediti kumi. Mia mbili tisini na nne jumlisha kumi: anavuka mia tatu bila ya baba yangu. Profesa Deusdedit anaweza kurudi kwenye baiskeli zake leo hii na hakuna atakayejua aliwahi kuondoka.

"Papa," nilisema, "huo ukurasa wa nne nipe tu. Wino ulimwagika kidogo, nitachapisha mwingine, utasaini ule."

Aliuinua ukurasa wa nne juani. Uligoma kuwa na doa.

"Wino iko mzuri."

"Ni mashine tu, ina ugonjwa. Nipe, Papa, mara moja."

"Mia tatu kamili," alisema, akisoma jumla ya chini. "Marie, katika miaka yetu mitano Bukavu, uliona kitu gani kilichokuwa kamili?"

Kidole chake kilipanda ukurasa. Sheria ya maji, alama. Kikasimama. Kikakaa pale muda wa gari zima kurudi nyuma na kuondoka. Nilijikaza. Uso haukubadilika, jicho halikupepesa.

"Tabia za Mito Midogo," alisoma. "Profesa Deusdedit." Halafu uso wake ukafunguka kwa furaha. "Ah! Deusdedit! Nilikuwa nimemsahau kabisa. Si yule mfupi, aliyekuwa na kiko?"

Mungu wangu, nilivyompenda mzee yule kwa sekunde ile.

"Huyo huyo, Papa," nilisema. "Kiko hakikumtoka mdomoni hata akifundisha."

Mama Diane aligeuka taratibu, akanitazama kama siku ile ya kichwa cha kiota.

"Deusdedit," alisema, "si jina la baba yako wa Tarime?"

Papa Pierre-Claver alivaa miwani yake tena, akaiweka sawa na ule uzi, akanipa kalamu na ukurasa wa nne ili niufute ule mstari kwa mkono wangu.

"Miaka mitano niliita majina kila asubuhi," alisema. "Marwa, sikukuita hata siku moja. Wewe ulikuwa unakaa benchi gani?"